Tuta la Nne

Husemwa: aliye juu, mngoje chini.
Miye niliye chini, vidole vinne tu kutoka lami,
nani wa kuningoja juu?

Gari nililinunua kwa Khelef wa Mchangamdogo
aliporudi Maskati na maradhi ya mgongo.
Milango miwili, rangi ya komamanga,
bampa limeinama kama linatafuta sindano.
Chake Chake nzima ilicheka.
Siku ya kwanza, mteremko wa Machomane,
lilikwangua kwa sauti ya sufuria
inayosuguliwa kwa mchanga,
likazoa na ukingo wa jamvi la Bi Time,
karafuu vibaba viwili hivi.
Nililipa bei aliyoitaka. Sikubisha.

Fundi Msellem alinilaza chali kando yake
tukatazama tumbo la gari.
"Unaona? Hapa. Na hapa. Hapa pamebaki imani tu."
Kisha akatandaza gazeti,
akapanga vyuma juu yake kama muuza samaki mnadani.

Hizi bushi za mpira, rahisi,
zinalinyanyua mara moja, halishuki tena.
"Utakuwa na gari kama la watu," alisema,
akatema mate pembeni.
Hii ya mafuta ina nguvu,
inanyanyua hata ukiwapakia mawifi zako wote,
ila ikivuja, huvuja siku ya Idi.
Hii ya hewa: kikombe juu ya springi,
pampu ndogo kwenye buti,
bonyeza, hesabu nne, pua iko juu
vidole vitatu zaidi. Adui yake chumvi.
Na hii
(akashusha sauti kama anayetaja mahari)
hii ina akili. Inakumbuka mahali.
Ukinyanyua hapa leo,
kesho inanyanyua yenyewe, weye unazungumza na simu.

Nikahesabu matuta, kutoka nyumbani hadi dukani kwangu la dawa.
La hospitali. La soko.
La tatu halijulikani nani kaliweka wala kwa nini.
La nne liko mbele ya chuo cha Maalim Hamadi,
nalijua hata mifuko yake ya saruji: sita.
Nilitoa mimi.

Si miye niliyemgonga Salha.
Aliyemgonga alikuwa na pikipiki, na alisimama.
Lakini asubuhi ile, na zote kabla yake,
nilipita palepale, mwendo uleule,
juzuu za watoto zikipepea kwa upepo wangu.
Salha anatembea sasa. Mguu mmoja unachelewa
kama neno linalotafutwa.

Wiki nzima nilimzungusha Msellem,
mara mafuta, mara hewa.
Mume wangu akasema: uza, nunua la kubebea magunia.
Sikuuza. Nalipenda linavyonong'ona
barabara ya Gombani alfajiri,
napenda kukaa karibu na ardhi namna ile,
na sioni haya kusema.

Mwishowe: ya hewa, nikamwambia. Ile isiyo na akili.
"Bei zinapishana kidogo tu, dada."
Najua.
"Siku moja utasahau, litakwangua."
Basi na likwangue. Ndipo nitakapojua nimesahau.

Swichi kaitia kushoto, chini ya usukani,
pale ambapo mkono lazima uende kutafuta.
Nikifika la nne nasimama kabisa.
Nabonyeza. Moja,
mbili, pampu inaguna nyuma kama mtu aliyeamshwa,
tatu, pua inapanda.
Watoto wameshazoea, wanahesabu kwa sauti,
nne!
wanavuka wakisukumana.
Salha huwa wa mwisho.
Gari liko juu tayari, njia nyeupe, na bado siendi.
Walio nyuma yangu wanapiga honi.